Mama Ukoka na Viwavi wa Golini

Wasichana wa timu ndio waliompa jina la Mama Ukoka, na lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametunza uwanja wa mpira wa chuo. Ukoka ule aliupanda mwenyewe, kipande kwa kipande, akiwa na mimba ya kitinda mimba wake. Mtu akikatiza uwanjani na viatu vya kisigino, alipewa vidonge vyake hapohapo, awe mhadhiri au bibi harusi aliyekuja kupiga picha.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya fainali ya wasichana, aliona baka la kahawia mbele ya goli la mashariki, pana kama mkeka. Kesho yake likawa pana kama chumba. Meneja wa chuo akaja, mikono nyuma, akalikunjia uso.

"Ni jua hili tu. Mwagia maji."

"Majani haya hayana kiu, Meneja. Yenye kiu hujikunja. Haya yameliwa, ona, vimebaki vijiti."

"Mama, sina muda wa kubishana na majani. Watu wa nyasi za plastiki wanasubiri jibu langu. Uwanja usipokaa sawa siku ya fainali, wiki inayofuata wanaanza kung'oa. Na plastiki haihitaji mtunzaji."

Akaondoka. Mama Ukoka alibaki amesimama, machozi yakimlengalenga, maana aliujua uwanja ule kuliko alivyoijua sebule yake. Kisha hasira ikampanda, na hasira kwake ilikuwa dawa. Akajifunga kibwebwe.

Alijaza ndoo maji, akatia vijiko viwili vya sabuni ya kuoshea vyombo, akakoroga na kumwaga ukingoni mwa baka, pale kijani kilipokutana na kahawia. Akachuchumaa. Waliopita walidhani ameanza kufua uwanja. Dakika tatu hazikuisha, kiwavi wa kwanza akajitokeza akijinyonganyonga kwa muwasho wa sabuni. Wakafuata watano, kisha hesabu ikamshinda. Viwavijeshi! Lakini walikuwa wadogo bado, hawajazidi ukucha, na hapo akapumua. Mdogo dawa humuua upesi, mkubwa huidharau.

Sasa wametoka wapi? Aliinua macho kwenye milingoti ya goli, na aibu ikamshika hadi masikioni.

Wiki mbili nyuma, shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi rangi, aliipaka ile milingoti rangi nyeupe. Siku chache baadaye Mama Ukoka akakuta manyoya laini yamegandia chini ya mlingoti wa juu. Alimwita mbele ya timu nzima: "Shemeji, ulikuwa unapaka rangi au unachambua pamba?" Wasichana walicheka mpaka wakagaagaa. Shemeji, fundi asiyeacha hata tone sakafuni, aliondoka bila kuaga na hakukanyaga kwake tena. Na manyoya? Mama Ukoka alishughulika na kucheka, akasahau kuyafuta.

Sasa alipanda juu ya kiti, akayakwangua kwa kucha. Chini yake yalijaa maganda ya mayai, madogo kuliko punje za chumvi, mengi yameshaanguliwa. Nondo, wale vipepeo wa usiku, walipenda kutaga kwenye kitu cheupe. Akachukua simu.

"Shemeji, nilikukosea. Ile haikuwa pamba yako. Ni mayai ya wadudu."

"Mayai?"

"Rangi yako ni safi mno, hata nondo wameichagua."

"Maneno hayo utayarudia mbele ya wasichana?"

"Nitayarudia. Ila njoo na ngazi."

Aliyarudia, tena kwa sauti, na Shemeji akapanda ngazi kifua mbele. Wakasugua milingoti, vijiti vya bendera na ukuta mweupe wa jukwaa, bila kuacha pembe.

Mama Ukoka hakulaza damu. Alikata nyasi kwanza, akafunga mageti, akasubiri jua la alasiri lipoe, saa ambayo viwavi hupanda juu kula. Akavaa barakoa na glavu, akabeba bomba la dawa mgongoni, akapuliza baka lote na hatua kumi kulizunguka, kwa sababu jeshi lile lilikuwa linasonga mbele. Siku mbili hakuna mguu, mashine wala maji. Siku ya tatu akarudi na ndoo ya sabuni: viwavi wawili, hoi. Siku ya tano hakutoka hata mmoja.

"Mmekiona cha mtema kuni!" akawaambia waliokufa, peke yake pale katikati.

Lakini baka lilibaki kahawia. Siku ya sita Meneja alikuja, akalipiga picha, akaondoka bila salamu. Roho ya Mama Ukoka ilikuwa juu, ila mkono haukusimama: mbolea, kisha maji kila alfajiri. Kiwavi alikula majani tu. Mashina yanayotambaa ardhini yalikuwa hai. Siku ya nane akaona ncha za kijani. Ya kumi, baka lilikuwa limepungua nusu. Siku ya fainali, ilibidi uambiwe lilikuwa wapi.

Mwamuzi alizunguka uwanja na mpira mkononi, akaudundisha golini mara tatu. "Nani anatunza hapa?" akauliza. Meneja akamwonyesha Mama Ukoka kwa kidole.

Wasichana walishinda mabao mawili kwa moja. Walimbeba Mama Ukoka juu kwa juu, naye akawa analia na kuwafokea wasimwangushe juu ya nyasi changa. Meneja alisubiri ashushwe.

"Wale wa plastiki nimewaambia wasije," alisema. "Jumatatu njoo ofisini, tuna viwanja vingine viwili vinavyokuhitaji."

"Jumatatu nakata nyasi, Meneja. Ukinihitaji utanikuta hapa."

Na Jumatatu Meneja alikuja, viatu mkononi.