Mume Wangu Amempa Mwingine Ujenerali Wangu

Admin, ficha jina langu tafadhali, hapa Nkubu tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka 39, fundi wa nguo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari na tuna watoto watatu.

Mwaka huu ameandika mchezo wa kuigiza wa kanisa letu. Ni hadithi ya miaka mingi ijayo: watu wa sayari nyingine wametua Mlima Kenya wakitaka maji yetu, vita vimeanza, na Rais hafanyi lolote bila kushauriwa na Jenerali wake, mwanamke. Rais ni mume wangu. Jenerali ni mimi, hata watoto wanajua. Tangu tuoane, akikwama huniuliza, "Jenerali, tufanye nini?" Pale Jenerali anaposema, "Mheshimiwa, adui mwenye kiu hapigwi, anangojwa," hayo ni maneno yangu, niliyasema nikimenya nduma tulipogombana na jirani juu ya mfereji.

Basi nikaenda mazoezini nikijua nafasi yangu iko. Nikamkuta Madam mmoja, mwalimu mgeni shuleni kwao, amesimama mbele anasema maneno yangu na watu wanampigia makofi. Moyo uliniwaka, sitadanganya.

Nyumbani nikamuuliza. Akasema, "Mama watoto, si yeye aliniomba? Yule ni giciaro yetu. Sasa ningekataa aje?"

Kwa wasio Wameru, giciaro ni undugu wa kiapo kati ya koo mbili. Hamuoani, na mwenzako akikuomba kitu humnyimi, ukimnyima unajitafutia laana. Kwa hivyo najua hawezi kumgusa. Laiti ungekuwa wivu wa kitanda, ningejua pa kuanzia.

Nikamwambia, "Basi na wewe mwombe akurudishie. Giciaro si ya upande mmoja, hata yeye hawezi kukunyima."

Akachukua chai yake akatoka nje. Hii ni wiki ya tatu, na bado hajamwomba.

Juzi akaniletea kitambaa cha kijani nimshonee Madam gwanda la Jenerali. Nikashona, kiuno nikakibana makusudi. Halafu jana ananijia tena, mpole kabisa: "Mama watoto, nimekwama mwisho. Adui amefika ikulu. Jenerali amshauri Rais nini?"

Hata hakuniita Jenerali.

Mwisho ninao, niliupata kabla hajamaliza kuuliza. Nikimpa, Madam atausema kanisa lote lisimame kumshangilia. Nikinyamaza, mume wangu ataaibika mbele ya watu, na bado nampenda. Nimewaza hata kumwambia Jenerali afe mwanzoni kabisa, Mungu anisamehe.

Onyesho ni Jumapili ijayo, na jioni hii anasubiri jibu. Miaka yote mimi ndiye huulizwa, sijazoea kuuliza. Leo nishaurini nyinyi, nifanye nini?