Mbegu Iliyokaa Darini

Baba alifariki kabla ya msimu wa kupanda ngano, mwishoni mwa miaka ya tisini, na kwa desturi ya Wairaqw nyumba yetu kule Daa ikawekwa metimani. Maana yake tulitengwa: hatuombi moto kwa jirani, ng'ombe wetu hawanywi na wengine, hatuendi kisimani mpaka wazee waseme yatosha. Sote tulikuwa Wakristo, na bibi hakukosa ibada, lakini metimani ilikuwa metimani. Mama alikuwa Mchaga na subira hakujaliwa. Maji yalipoisha akabeba ndoo, akaenda zake kisimani mchana kweupe, akisalimia watu njiani.

Ngano ikaota vizuri mpaka wapita njia wakasimama kuitazama. Ilipotoa masuke, hapa zuri, pale jeusi. Si kukauka: mahali pa punje palijaa unga mweusi kama masizi ya sufuria, upepo ukipita unapeperuka na kuacha kijiti kitupu. Majani yalikuwa mazima kabisa. Sikuelewa, maana nilidhani kitu kikiugua huonekana kinaugua.

Bibi, mama yake baba, alikuja na fimbo yake, akasimama pembeni mwa shamba. Yeye na mama walizungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo, na labda ndiyo maana kila neno lilitoka kavu.

“Umetoka kabla ya muda,” bibi alisema. “Wewe ndiye uliyeileta hii shambani kwa mwanangu.”

Wazee wa ukoo wangekaa Jumapili kuamua kama mama abaki pale au arudi kwao Kilimanjaro. Sisi watoto tungebaki, maana watoto ni wa ukoo. Niliogopa sana. Nilimkasirikia mama, kwa ndoo moja tu ya maji! Halafu nikamkasirikia bibi, halafu tena mama, na sikujua nisimamie wapi.

Kabla ya Jumapili akapita bwana shamba. Alimwamkia bibi, akapukuta suke moja kiganjani, akasema hiyo ni fugwe. Ugonjwa huu, alieleza, haukuingia mwaka huu. Uliingia mwaka jana ngano ikiwa kwenye maua; upepo ulileta unga ule, ukajificha ndani ya punje changa. Punje inanenepa, inapendeza, huwezi kuitambua.

“Ukiipanda, ugonjwa unakua nayo,” akasema. “Mbegu mlitoa wapi?”

Moyo wangu ukatulia. Mbegu ilitoka darini, juu ya jiko. Baba mwenyewe aliichagua mwaka jana, suke kwa suke, yale manono tu, bibi akimsaidia kupura. Mama hakuwa na kosa. Aseme tu.

“Niliinunua mnadani Karatu,” mama akasema.

Nikafungua mdomo. Mama akanitazama, nikaufunga. Bibi naye alimtazama mama, kisha akainamia fimbo yake. Bwana shamba akashauri tuyafunike masuke meusi kwa mfuko kabla ya kuyang'oa, tuyachome, na mwaka ujao tusipande mbegu ya hapa wala ya shamba la jirani. Akaaga, akaenda.

Jumamosi bibi akaenda kwa wazee na fimbo yake; Jumapili ikapita na hawakukaa. Hakuna aliyenieleza kwa nini, na watu wazima wote walijifanya wana shughuli.

Msimu uliofuata bibi akaleta mbegu kutoka shamba lake, lililopakana na letu. Zilikuwa punje safi, nono. “Chukua, mwanangu,” akamwambia mama, na hakuwahi kumwita hivyo. Nilisubiri mama akatae, kwani bwana shamba alituambia tukisikia wote. Mama akapiga goti kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, akaipanda yote.

Nilidhani amerukwa na akili. Leo nina shamba langu na nanunua mbegu dukani, na bado sijui mimi ningefanya nini.

Masuke yakatoka, hapa zuri, pale jeusi. Bibi akaja, akasimama pembeni palepale. Nikasubiri aulize nani kaileta. Akaiweka fimbo yake chini.

“Nipe mfuko, mwanangu,” akasema, akatangulia kuingia shambani.