Gari Jeupe la Mama Mkwe

Naandika haya nikiwa na hasira, na asije mtu akaniambia nitulie. Nimetulia miaka kumi na minne katika ukoo huu na sijaona faida yake.

Mume wangu ni fundi wa viti vya magari. Watu wanamwita Sindano, hata mimi namwita hivyo, na nadhani mama yake mwenyewe alishasahau kwamba alimpa jina jingine. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu nyuma ya kituo cha mafuta. Ndani kuna cherehani mbili za kushonea ngozi, meza ya kukatia, marundo ya sponji hadi darini, na viti vilivyong'olewa kwenye magari ya watu vimeegemezwa ukutani. Hana makuu. Gari likiingia haangalii injini wala tairi. Anafungua mlango, anabonyeza kiti kwa kiganja, halafu anakwambia mwenye gari ana uzito gani na anaumwa upande gani wa kiuno. Siku moja alimwambia dereva wa lori, "Una pochi nene mfuko wa nyuma, upande wa kulia. Itoe, ndiyo inayokuumiza mgongo." Dereva akaitoa, akaitupa kwenye dashibodi, akakaa tena.

Sasa familia ya fundi wa namna hiyo inanunua gari, ungedhani nani ataulizwa kwanza? Thubutu.

Gari lilikuwa la mama yao. Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, na hadi leo akikohoa sebuleni watoto wangu wanafunga midomo. Anaishi nasi. Figo zake zilichoka, kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja miguu inavimba. Akikosa mbili, daktari alishatuambia bila kuzungukazunguka, tujiandae kwa lolote. Juu ya hayo, mwaka juzi alianguka bafuni akavunjika nyonga ya kulia. Iliungwa kwa vyuma, lakini mguu ule haunyanyuki sana. Mpe kiti cha kimo kinachomfaa, atakaa na kusimama mwenyewe. Mpe kirefu zaidi, itabidi abebwe.

Na kubebwa hataki. Alipolazwa kwa ile nyonga, siku wauguzi walipomnyanyua kumweka kitandani, alingoja watoke, akatuangalia mimi na Sindano akasema, "Siku mtakayonibeba kwenda kwenye ile mashine, ndiyo siku nitakayoacha kwenda." Hakurudia. Mwalimu mkuu huyu hajapata kurudia kitu.

Sindano akamtengenezea kiti cha sebuleni. Wiki nzima alikuwa anaweka tabaka moja la sponji, mama anakaa, anasimama, anasema bado, Sindano anaongeza jingine. Walipofika sentimita sitini na nne kutoka sakafuni, mama akasimama bila kushika kitu, akaenda jikoni kunywa maji kama vile hakuna kilichotokea. Sindano alibaki amepiga magoti pale chini, macho yamemlowa. Mpole wa kupitiliza, mume wangu. Ndiyo maana wanamkalia kichwani.

Miaka miwili tulimpeleka mama kwa teksi ya jirani, ambayo kiti chake kilimfaa. Jirani akatuambia ana mwezi mmoja tu, anauza gari anahamia kwa mwanawe. Hapo shemeji yangu, kaka mkubwa wa Sindano, mwenye kazi nzuri nchi za mbali, akatangaza kwenye kundi la familia la simu kwamba atamnunulia mama gari. Tulishukuru. Nilishukuru hata mimi, maana mkono wake ni mrefu kwa picha na mfupi kwa mengine.

Alitaka moja ya haya magari ya siku hizi ambayo si gari la msituni na si gari dogo, ni gari la familia lililonyanyuliwa kidogo lionekane lina misuli. Akachagua mawili kwenye mtandao, yote yako katika yadi moja hapa mjini, bei karibu sawa. Moja jeupe, lina paa la kioo, magurudumu mapana na taa nyembamba zilizokunja uso. Jingine la kijivu, fupi kidogo, sura ya kawaida, milango inafunguka hadi mwisho. Akatutuma yadi mimi, Sindano na wifi yangu anayefanya kazi benki.

Muuzaji alikuwa kijana wa suti, mdomo umepakwa asali. Alimwelekea wifi tangu mwanzo, maana ndiye aliyekuwa na viatu virefu. Akamweleza habari za injini, kiasi cha mafuta, kioo cha nyuma kinachoonyesha unakorudi nyuma, viti vinavyopashwa moto, utadhani sisi tunaishi kwenye jokofu. Wifi anapiga picha, anazituma kwenye kundi. Sindano alikuwa amechuchumaa mlangoni na tepu yake ya kupimia.

"Mzee, gari halipimwi kwa tepu," muuzaji alisema, akicheka.

"Mimi sinunui gari," Sindano alijibu. "Nanunua mlango na kiti."

Wifi akanikonyeza. Sindano alipima jeupe: kutoka ardhini hadi kwenye kiti, sentimita sabini na tatu. Akapima la kijivu: sitini na nne. Alinionyesha ile tepu kwa kidole, uso wake umefunguka.

Jioni ile aliandika kwenye kundi. Sindano si mtu wa kuandika, kwa hiyo aliandika hivi tu: "Jeupe 73. Kijivu 64. Mama 64." Shemeji akajibu kwa dole gumba. Wifi akaandika kwamba la kijivu ni gari la mtu aliyekata tamaa. Shemeji akasema jeupe litauzika kwa bei nzuri baadaye, na lipo juu, mama ataona barabara vizuri. Wifi akauliza kama lipo jeupe lenye ngozi nyeusi. Lilikuwepo. Halafu shemeji akaweka picha mbili, akasema kila mtu aweke alama ya moyo chini ya gari analolitaka, tumalize. Tukamaliza. Jeupe likashinda.

Hivi, watu wazima, wenye vyeti vyao, mnapewa namba tatu na mtu anayejua kazi yake, mnaweka pamba masikioni mnaanza kuchora mioyo? Damu inanichemka hadi leo.

Likaletwa Jumamosi. Shemeji alikuwa amekuja kwa siku tatu ili akabidhi mwenyewe, na utepe mwekundu ulifungwa juu ya boneti. Majirani walitoka. Mama alitoka na mkongojo wake, amevaa gauni lake la kanisani, akalizunguka gari lote taratibu, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ni zuri." Kisha akafunguliwa mlango.

Alijaribu. Aligeuka, akakipa kiti mgongo kama anavyofanya nyumbani, akarudi nyuma, na makalio yake yakagota kwenye ubavu wa kiti, chini ya pale yalipotakiwa kufika. Akajaribu tena, ameshika mlango. Shemeji akasema, "Mama, usijisumbue," akampitishia mkono chini ya magoti, akamnyanyua, akamweka ndani. Wifi akapiga picha. Ninayo ile picha. Mama ametabasamu kwa midomo tu.

"Atazoea," shemeji alituambia, akajipangusa mikono.

Jumatatu asubuhi, mkoba wa hospitali uko mlangoni, mama hakutoka chumbani. Niliingia nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu amevua.

"Mama, muda unakwenda."

"Uende salama," alisema, akafungua gazeti.

Nilipiga simu kwa shemeji, aliyekuwa hotelini akijiandaa na safari yake ya kurudi. Nilimwambia aje. Akasema ana ndege saa saba, tuzungumze na mama kwa upole, wazee hudeka. Hudeka. Mwanamke aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma, eti anadeka. Nikamkatia simu, na sijuti. Jirani naye alikuwa ameshahama. Nilipiga teksi mbili, zote magari madogo yaliyolala chini. Mama hakutoka hata kuzitazama, na hakukosea, maana humo ungemwingiza na usingeweza kumtoa. Siku ikapita hivyo.

Jumanne Sindano alilipeleka gari jipya karakana. Nilimkuta amekwisha kung'oa kiti cha mbele, kimelala juu ya meza ya kukatia, ngozi imepasuliwa, naye anakata sponji kwa kisu kirefu. Sijapata kumwona anafanya kazi vile. Alikuwa anakata kama anamdai mtu. Alitoa sentimita tisa kamili, akashona upya, akakirudisha, akalileta gari nyumbani, akamtoa mama uani mchana wa jua kali.

Mama akageuka, akarudi nyuma, akakaa. Nikashusha pumzi. Halafu akatoa mlio mdogo, akasimama upesi akishika nyonga. Sponji ilikuwa imeshuka, lakini chuma cha pembeni cha kiti kilikuwa palepale, sasa kimejitokeza juu ya sponji, kimemwingia pale alipopasuliwa. Sindano alipapasa kile chuma mara mbili kwa kiganja. Miaka yote hii kazi yake ni kuongeza sponji kwenye viti vya watu, hajawahi kuipunguza, na kwa hasira alizokuwa nazo alisahau kilichoko chini yake.

Mama akarudi ndani. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, ndara hazimtoshi.

Hapo ndipo nilipompasukia mume wangu, palepale uani, majirani wakitusikia.

"Wewe hukati hata kitambaa cha kiti cha pikipiki kabla mwenyewe hajakaa," nilimwambia. "Kwa nini hukumpeleka mama yako yadi akakaa? Unaandika namba tatu halafu unanyamaza? Unawaogopa nini?"

"Niliandika," alisema.

"Uliandika. Ungepiga meza. Ungekataa. Ungesema hili gari haliingii nyumbani kwangu."

"Ningesemaje? Hela si zangu." Alikuwa bado ameshika bisibisi. "Na walioweka mioyo ni wengi."

Niliwatukana wenye mioyo yao, mmoja mmoja, kwa sauti. Shemeji na kiburi chake. Wifi na viatu vyake. Sindano alinitazama muda, akataka kusema jambo, akalimeza, akainama kuokota vipande vya sponji.

Jumatano nilienda chumbani kwa mama nikiwa tayari kupiga magoti. Nilimkuta amevaa, viatu vimeachwa wazi kwa sababu ya uvimbe. Uso ulikuwa wa kijivu, anahema kwa vituo.

"Nibebe wewe," alisema. "Yeye asinibebe. Atalia, na mimi sina nguvu za kumbembeleza."

Sindano alikuwa ameketi kwenye usukani, macho mbele. Nilimpitishia mama mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti. Nilijiandaa kwa uzito, kumbe hakuwa na uzito. Alinishika shingoni. Alikuwa mkavu na wa moto, na nilisikia anajizuia asigune. Nilisimama naye pale mlangoni mwa gari jeupe nikitafuta namna ya kumwingiza bila kukigusa kile chuma, nikikusanya upya hasira zangu kwa shemeji, kwa wifi, kwa muuzaji, kwa mume wangu.

Akaniambia sikioni, kwa sauti ileile ya ofisi ya mwalimu mkuu, "Mimi nimo kwenye lile kundi."

Sikuelewa mara moja.

"Mjukuu alinitia mwaka jana. Siandiki kwa sababu vidole havitii. Lakini nasoma kila kitu." Akavuta pumzi. "Siku zile zote nilingoja mtu mmoja aniulize. Wewe tunalala nyumba moja. Halafu nikaona moyo wako."

Ni kweli. Niliuweka chini ya lile jeupe. Kule yadi, Sindano alipokuwa amechuchumaa na tepu yake, mimi nilikaa kwenye usukani nikajiangalia kwenye kioo, nikajiona nashuka kazini kwangu, wenzangu wakitazama. Namba zake nilizisoma. Nilizielewa kuliko wote, maana ni mimi ninayemwogesha mama yake. Nikaweka moyo, nikaenda kupika.

Nilimweka kwenye kiti. Nilimfunga mkanda. Alinishukuru, kama anavyomshukuru muuguzi. Nikaingia nyuma, nikafunga mlango, na gari likatoka getini bila kutetema hata kidogo.

Barabarani Sindano alinitazama kwenye kile kioo cha juu. "Mama alikuwa anakwambia nini pale?"

Nikamwambia ameomba dirisha lifunguliwe kidogo.