Punda wa Mtu Usiyempenda

Harufu ya punda aliyenyeshewa, ikichanganyika na maziwa yaliyomwagika kwenye udongo mwekundu, si harufu ambayo mtu angeitia kwenye chupa ya manukato. Mwezi jana ilinikuta sokoni Bomet, mkebe ulipoanguka kutoka mgongoni mwa punda karibu na wauza viazi. Mimi, mama mzima mwenye mkoba wa ofisini, nikasimama pale kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake la utotoni.

Kwetu kulikuwa juu ya mteremko, nje kidogo ya Bomet, chai mbele ya nyumba na mahindi nyuma. Nililelewa na Kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Kogo hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili alinivalisha gauni, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa kama sufuria mpya, akanituma niende, naye akabaki na ng'ombe wake. "Mungu ananijua," alisema, "lakini ng'ombe hawajui kuna Jumapili."

Hata hivyo, Biblia aliipenda kwa namna yake. Hakujua kusoma, kwa hivyo jioni, tukingoja maji ya ugali yachemke, nilimsomea mimi. Nyaraka za mitume hazikumvutia. "Soma pale kuna ng'ombe," aliniambia. Basi nikafungua kule mwanzo, kwenye sheria za Waisraeli wa kale, mahali penye mashimo yaliyoachwa wazi, mafahali wenye tabia ya kupiga watu pembe, na mawe ya mpaka yasiyofaa kusogezwa. Hapo Kogo aliusahau moto kabisa. Alikuwa na maswali kumshinda mwalimu wangu wa darasa la tano. Hilo shimo lilichimbwa na nani? Huyo fahali alikuwa wa rangi gani? Watu hawa waliishi wapi hata wakayajua mambo yetu?

"Walikuwa wafugaji," aliamua mwenyewe. "Waligombana, wakachoka kugombana, wakaandika."

Jioni moja nikaifikia ile ya punda. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, usimpite. Msaidie, wewe pamoja na mwenyewe. Kogo akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Hiyo ni ngumu," alisema, akageukia ugali wake.

Nilijua anamfikiria nani. Jirani yetu wa chini, mzee Arap Chumo, alikuwa na kijia cha kwenda mtoni kilichopita shambani kwake tangu zamani. Ng'ombe wetu walipoingia kwenye mahindi yake, alikiziba kijia kile kwa miiba bila kusema neno. Kogo naye hakuomba kifunguliwe. Tukawa tunazunguka kilima kizima na mitungi yetu ya maji. Wawili hao wakikutana njiani, kila mmoja aligeuka kutazama chai kana kwamba hajawahi kuiona maishani.

Kisha mkewe Arap Chumo akaugua, akalazwa hospitali kule Longisa. Mama yule ndiye aliyekuwa akipeleka maziwa barabarani kwa punda. Mzee mwenyewe hakuwahi hata siku moja kumfunga punda mzigo.

Asubuhi moja kulikuwa na mvua nyembamba. Mimi na Kogo tulikuwa tukichuma chai karibu na njia tuliposikia kishindo, halafu mlio wa kutisha. Punda alikuwa ameteleza, amelala ubavu ndani ya mtaro mbele ya lango letu. Mikebe ilikuwa imemlalia, kamba imemkaba shingo, maziwa yakitiririka kwenye tope. Arap Chumo alikuwa juu akivuta, na kadiri alivyovuta ndivyo kamba ilivyozidi kukaba.

Nilimtazama Kogo. Alisimama na majani ya chai mkononi kwa muda nilioona mrefu mno. Mwishowe akayatupa kwenye kikapu, akachukua panga, akateremka.

Arap Chumo alipomwona anakuja na panga, alirudi nyuma. "Wacha tu, Mama Kipngeno," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Ni punda wangu. Nitamtoa."

"Sikuja kwako," Kogo akamjibu. "Nimekuja kwa punda."

Akaingia mtaroni na gambuti zake za mpira, akakata kamba.

"Hiyo kamba ni mpya!"

"Na punda amezeeka. Shika huku nyuma."

Mzee akashika. Mimi niliambiwa nishike kichwa, nimbembeleze mnyama kwa maneno. Walipojaribu mara ya kwanza, mmoja aliinua mapema, mwingine akachelewa, na wote wawili wakakaa kwenye tope, uso kwa uso. Nikadhani sasa watatukanana.

"Sema wewe," Kogo akamwambia, akipangusa macho. "Ukisema, tunainua."

"Sasa!" mzee akapaza sauti.

Punda akasimama. Akajitikisa, akatunyunyizia tope na maziwa, kisha kwa shukrani akakanyaga kidole cha Kogo.

Arap Chumo aliketi ukingoni mwa mtaro. Bila kuulizwa, na bila kututazama, akasema, "Daktari anasema hali yake bado. Jana hakunitambua."

Kogo aliushika mguu wenye kidole kilichoumia, akatazama malisho ya jirani kule chini, ambako ng'ombe walikuwa wakilia.

"Nani anakukamulia ng'ombe?"

"Mimi."

"Ndiyo maana wanalia hivyo. Nitakuja jioni."

Usiku nilimuuliza, nikiwa nimejaa furaha ya mtoto aliyefunzwa kusamehe kanisani, "Kogo, sasa unampenda Arap Chumo?"

Alikuwa ameloweka mguu kwenye maji ya chumvi. "Simpendi. Kwani umesoma mahali wamesema nimpende?"

Nilifungua kitabu, nikatafuta kwa kidole mstari kwa mstari. Hapakuwa na neno hilo. Palikuwa na punda, mzigo na kuinua, basi.

Jumapili nilimuuliza mwalimu wetu wa watoto kanisani. Akanieleza kwamba punda ni mwenye dhambi, na mzigo ni dhambi zake. Nilipomfikishia Kogo maelezo hayo alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi niambie ni mwenye dhambi gani amenivunja kucha!"

Alikamua ng'ombe wa jirani mpaka mkewe aliporudi, amekonda, akitembea kwa mkongojo. Miiba ya kwenye kijia iliondolewa. Hatukumwona aliyeiondoa, wala haikuzungumzwa. Urafiki haukuwapo. Walisalimiana "Chamgei," wakaulizana habari za mvua, kila mtu akaenda zake.

Siku hizi nafanya kazi Kabianga, na kanisani naonekana kwenye harusi na mazishi. Lakini zile sheria za kale bado nazisoma, kwa udadisi ule ule wa Kogo, nikitaka kujua ni watu gani waliohitaji kuambiwa mambo kama hayo. Kwa miaka mingi niliiona ile ya punda kuwa imepungukiwa. Mbona haikutaja moyo? Kisha nikakua, nami nikapata mtu wangu wa kutosalimiana naye, tena mlango wake unatazamana na wangu. Ndipo nilipoelewa kwamba aliyeandika alikuwa na majirani. Alijua kuwa ukingoja moyo ulainike, punda atakufa mtaroni.

Na alisisitiza: pamoja na mwenyewe. Huwezi kusaidiana na mtu kumwinua punda bila kusimama karibu naye, karibu kiasi cha kumsikia anavyohema. Kogo alishuka mtaroni kwa ajili ya mnyama, na hakudanganya aliposema hivyo. Ila akiwa kule chini, kwenye tope, alimkuta mume aliyeogopa kuachwa peke yake duniani, na yeye, mjane, aliijua hofu hiyo kuliko mtu yeyote pale kijijini.