Maji Yaliyotakata Mno

Wenzake wa maabara walimwita Bi Kijani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulea mwani: ule mdogo mno, usioonekana ila kwa hadubini, lakini ukijaa chupani maji yote hugeuka kijani. Kwa miaka kumi na tisa, kiwanda kikitaka kumwaga maji yake baharini, sampuli ilipita kwake kwanza. Mwani ukinawiri, alitia sahihi. Ukifa, hakutia, na kubembelezwa hakubembelezeki.

Mwaka ule ililetwa sampuli ya kiwanda cha mabomba ya shaba. Maji yake yalikuwa na shaba, lakini si nyingi. Akautia mwani humo, akaongeza virutubisho vyake vya siku zote, akangoja siku tatu. Chupa zote zikawa kijani kibichi. Akatia sahihi kwa moyo mkunjufu, ingawa alijua bomba lingemwaga karibu na vichanja vya kaka yake aliyefuga chaza.

Miezi mitatu baadaye kaka yake akampigia simu, sauti imejaa kicheko. Akamsimulia kwamba maji ya pale yametakata ajabu. Akisimama yamemfika kifuani, anaviona vidole vyake vya miguu. Bi Kijani alikuwa jikoni, akaweka mwiko chini. Chaza hula mwani. Maji yaking'aa kiasi hicho, maana yake chakula kimekwisha. Lakini alimwitikia tu, akamsalimia wifi yake, akakata simu.

Kesho yake aliyafuata maji yale mwenyewe. Akapanga safu tatu za chupa, zote kwa kiasi kimoja cha shaba. Safu ya kwanza ilikuwa maji ya kaka yake yaliyotiwa virutubisho: mwani ukastawi. Ya pili ilikuwa maji yale yale, bila kitu kingine: siku ya pili mwani ukapauka, siku ya tatu ukalala chini kama vumbi. Ya tatu ilikuwa maji ya bwawa la chumvi la jirani, ya kahawia kama chai ya rangi kwa majani yaliyooza humo. Huko nako ukastawi.

Aliketi kwenye stuli, akaisoma upya orodha ya virutubisho vyake. Kumbe katika virutubisho vyake mlikuwa na dawa ya kushika madini ya chuma yasituame, na dawa hiyo iliikamata shaba pia isiudhuru mwani, kama maji ya majani makuukuu yanavyoikamata. Kwenye maji matupu ya kaka yake hapakuwa na cha kuishika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimfunga mikono muuaji, kisha anaandika kwamba hana madhara.

Mkuu wa maabara alimtaka arudie kipimo. Akarudia mara mbili. Majuma yakapita, na vichanjani chaza wakakonda, wakafa mmoja mmoja, magamba yameachama.

Tangu hapo maji meupe yakawa yanamwandama. Bilauri ikiwekwa mezani aligeuza uso. Akanunua vikombe vya bati. Akiinama kwenye beseni la kunawia, aliona magamba yaliyoachama chini.

Alipokwenda kumweleza kaka yake, alimkuta akifungua kamba za vichanja. Kaka alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Siku ile niliyokupigia simu, ulijua?"

"Nilishuku."

"Ukaniacha nicheke."

"Ndiyo, Kaka."

Akaendelea na kamba zake.

Bomba lilizibwa kwa ripoti ya Bi Kijani, na vipimo vikabadilishwa: tangu hapo mwani ulitiwa kwenye maji ya pale pale yatakapomwagwa. Mwenyewe akaomba apewe mafaili yake yote ya zamani ayapitie upya. Hadi sasa amefika la mwaka wa sita, na mawili yenye shaka tayari ameyaweka kando.

Mwaka uliofuata maji yakawa mazito kwa mwani tena, na watu wengine wakafuga chaza pale. Kaka yake hakurudi, alishika useremala. Wakipigiana simu humjulia hali dada yake na kuwaulizia watoto, bila ukali wowote. Ila habari yake ya furaha, iwe kubwa au ndogo, Bi Kijani huisikia kwa wifi yake.