Gari Moja, Viwanja Vitatu

Jina la Baba Honi alipewa na watoto wa mtaani. Alikuwa dereva wa gari la zimamoto la uwanja wa ndege, na kila alipopita karibu na kwake akitoka kulijaza maji, alibonyeza honi mara mbili ili mkewe ateleke chai. Mke alikuwa akilalamika kwamba mume anamtia aibu, lakini honi ikikosekana huchungulia dirishani.

Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alipanda vyeo hadi akawa meneja wa viwanja vyote vitatu vya ukanda ule. Yeye alivyopanda, viwanja vikashuka. Vyoo vya abiria vilifungwa kwa minyororo. Kwenye mapangaboi ya chumba cha kusubiria, popo walijipangia makazi. Magari mawili ya zimamoto yalikufa, yakanyofolewa taa, matairi, hadi viti. Likabaki moja tu, la Baba Honi.

Siku moja shemeji alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Shemeji, mkaguzi wa usalama anakuja kesho. Anaanza hapa, keshokutwa uwanja wa pili, kisha wa tatu. Wewe utakuwa unamtangulia na gari. Stika za milangoni ziko tayari, kila uwanja na jina lake. Unabandua hii, unabandika ile."

Baba Honi alicheka akidhani ni mzaha. Shemeji hakucheka.

"Na ndege ikiwaka moto huku, mimi niko kule?"

"Umewahi kuona imewaka? Usiniletee uchuro. Mchuma janga hula na wa kwao: nikianguka mimi, na dada yangu ameanguka."

Basi akaenda. Alfajiri ya kwenda uwanja wa pili alibandua stika kwa kucha, gundi ikamganda vidoleni, na sabuni haikuitoa. Alipofika uwanja wa pili, wafanyakazi walitoka kumpokea kama bwana harusi. Mama mmoja mlinzi alilishika gari ubavuni.

"Kaka, sasa limekuja kukaa?"

Baba Honi alijifanya anakagua tairi. Alirusha maji, mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na saa hiyohiyo ndege ikatua. Wakashuka kina mama na watoto migongoni. Kule walikotoka, uwanja wake mwenyewe, sasa hakukuwa na hata ndoo ya maji.

Uwanja wa tatu, akamkuta mkaguzi yuko peke yake kivulini. Roho ikamsukuma.

"Mzee, samahani. Gari hili ni moja. Ndilo uliloliona kote."

Mkaguzi akatabasamu. "Mlango wa kushoto umebonyea. Nililijua tangu jana. Ila leo stika umeibandika vizuri, jana ilipinda."

Akampiga begani, akaenda kula.

Ukumbini shemeji alikuwa ameandaa kuku na vinywaji. Baba Honi aliitwa naye aje anawe. Aliingia, akatoa mfukoni zile stika mbili alizobandua, akaziweka mezani katikati ya sahani.

"Viwanja vyenu hivi hapa."

Mkaguzi, taya zikiwa bado zinatafuna, akavuta stika moja, akajifutia mafuta ya vidoleni. Mtu akacheka, wa pili akacheka, mara meza nzima ikawa inacheka, na shemeji ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Baba Honi akawatazama wale watu, midomo inang'aa mafuta, akatoka nje akatapika.

Funguo aliziacha kwenye usukani. Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Mke alikunja na kukunjua kanga.

"Yule ni damu yangu," akasema mwishowe.

"Najua."

"Kwa nini hukuvumilia? Tutakula nini?"

Baba Honi alipata kazi ya kuendesha gari la kuuza maji mtaani, lenye breki za kuombea dua. Viwanja vyote vitatu vilipewa vyeti, na shemeji akapandishwa, akaitwa makao makuu kusimamia viwanja vya nchi nzima. Ilifanywa sherehe. Mke alikwenda, maana kaka ni kaka. Baba Honi alibaki, akafua mashati yake mwenyewe.

Mkewe alirudi mapema, uso umemvimba.

"Amenipa tiketi ya ndege, eti nikamtembelee mama. Mbele za watu, wanapiga makofi."

"Ukasemaje?"

"Nimemrudishia. Nimemwambia nitapanda basi." Akavua viatu, akavitupa pembeni. "Hata zawadi yake imenitia kinyaa."