Jina Nililokataa Kuliita

Mjukuu wangu alikuwa na miezi mitano, ananyonya huku jasho linamtoka kama mtu anayepalilia kahawa. Tukashuka naye kutoka Kirua mpaka hospitali, Moshi. Daktari akampitishia kidude kifuani, moyo ukaonekana kwenye skrini. Jamani, nikaona kitu! Kiduara, kinasogea mpaka kwenye mlango wa moyo, kinachungulia, kinarudi ndani.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

Daktari akacheka. "Ni uvimbe, bibi, sio mtu. Lakini siku ukiziba huo mlango, mtoto hatunaye. Lazima tuutoe."

Asubuhi ya upasuaji akatueleza: watausimamisha moyo, mashine izungushe damu, wakate, halafu wauamshe. Wausimamishe! Mwili ukanisisimka. Maana huyo mtoto tulimpa jina la babu yake, mume wangu, tuliyemzika kihambani, pale kwenye migomba. Jina ni moja. Nikawaza, moyo umesimama, mtu analiita lile jina, nani atawahi kuitika, huyu mdogo au yule wa migombani?

Pale kwenye benchi nikamwambia mkwe wangu, mama wa mtoto, "Omba, mwanangu, ila jina usilitaje."

"Sasa mama, Mungu atajuaje ni yupi?"

"Mwambie yule mdogo wa chumba cha mwisho. Vyumba anavijua."

Akacheka huku analia. Tukakaa. Saa nne, saa sita, saa nane. Nesi akafungua mlango, akaliita lile jina kwa sauti. Mkwe anataka kunyanyuka, nikamvuta gauni. Nesi akarudia.

Nyuma yetu sauti ya mzee ikaitika, "Naam." Na kikohozi. Kikohozi cha mume wangu kabisa!

"Sio wewe, mzee," nesi akasema. "Natafuta ndugu wa mtoto. Uvimbe umetoka, moyo unapiga wenyewe."

Mkwe akakimbia. Mimi nikageuka. Mzee simjui, kofia ameipakata, amekuja kupima presha.

"Kumbe nina somo humu ndani!" akasema, anafurahi.

Nikamshika mkono, ati namsalimia. Ulikuwa na joto. Hapo wakapita na kitanda cha mtoto, mipira ya dawa imemzunguka kila mahali.

"Mama, njoo umwone!"

"Mshike mguu kwanza!" nikapaza sauti. "Una joto?"

"Una joto, mama!"

Ndipo nikamwachia mzee wa watu mkono wake.